Uboreshaji wa Linux ukikwama katikati, usikimbilie kufuta kila kitu

KUBORESHA mfumo endeshi wa kompyuta hadi toleo jipya ni sawa na kubadilisha nguzo za nyumba ilhali wenyewe wangali ndani. Kazi ikienda vyema, hakuna anayetambua kwamba palikuwa na hatari. Lakini umeme ukipotea, au nafasi ya diski ikiisha kabla ya kazi kukamilika, kompyuta husalia na nusu ya mfumo wa zamani na nusu ya mfumo mpya. Pengine hukataa kuwaka kabisa.

Hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Mwenye kompyuta hushikwa na wasiwasi na kumwita fundi, naye fundi huchukua njia ya mkato: hufuta diski nzima na kusakinisha mfumo upya. Kompyuta hupona, lakini barua, picha, orodha za wanafunzi na hesabu za biashara huwa zimekwenda. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi faili hizo hazikuwa zimeguswa, na mfumo wenyewe ungeweza kurekebishwa kwa amri mbili au tatu.

Makala haya yanaeleza kinachotendeka uboreshaji unapokwama na hatua za kufuata, moja baada ya nyingine. Mfano utakaotumiwa ni Ubuntu. Hata hivyo, amri nyingi za ukarabati zinafaa pia kwa Debian na Linux Mint, kwa kuwa mifumo hiyo husimamia programu zake kwa zana zilezile.

Linux na Ubuntu kwa ufupi

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Alichokiunda hasa ni keneli, yaani kiini kinachounganisha programu na mashine yenyewe. Makundi mbalimbali huchukua kiini hicho, wakakiongezea maelfu ya programu na kutoa mfumo kamili. Debian, mojawapo ya mifumo hiyo, ilianzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993. Ubuntu ilijengwa juu ya Debian na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lenyewe limetoka katika lugha za Kinguni za nchi hiyo, na asili yake ni moja na neno letu "utu".

Toleo jipya la Ubuntu hutoka kila baada ya miezi sita, na nambari yake huonyesha mwaka na mwezi. Hivyo 24.04 ni toleo la Aprili 2024. Kila baada ya miaka miwili hutolewa toleo la muda mrefu, ambalo huhudumiwa bila malipo kwa miaka mitano. Toleo la 20.04, kwa mfano, lilimaliza huduma yake ya kawaida Mei 2025. Anayelitumia toleo lililokwisha muda, bila mpango wa ziada wa huduma, hapati tena marekebisho ya usalama, na ndiyo sababu kuboresha si anasa.

Ni vyema kujua pia kwamba matoleo ya muda mrefu hayarukwi. Aliye na 20.04 huenda kwanza 22.04, kisha 24.04. Hata watengenezaji wenyewe huiheshimu kazi hii: mnamo Septemba 2024 Canonical ilisimamisha kwa muda uboreshaji wa kutoka 22.04 hadi 24.04 baada ya hitilafu kubwa kugunduliwa.

Uboreshaji hufanyika vipi?

Programu za Ubuntu huhifadhiwa katika vifurushi, yaani mafungu ya faili yaliyofungwa pamoja. Vifurushi hivyo hukaa katika maghala yaliyo kwenye seva za mtandao. Amri ya kuboresha, do-release-upgrade, hupitia hatua tano:

1. Hukagua kompyuta.
2. Hubadilisha orodha ya maghala ili ielekee toleo jipya, kisha hupiga hesabu ya vifurushi vya kubadilisha, kuongeza na kuondoa.
3. Hupakua vifurushi vipya. 
4. Hufungua vifurushi hivyo juu ya vile vya zamani, kisha husanidi kila kimoja, yaani hukiweka sawa ili kianze kufanya kazi.
5. Huondoa vifurushi visivyohitajika tena na kuomba kompyuta izimwe na kuwashwa upya.

Kujua ni hatua gani iliyokatizwa ni nusu ya tiba. Mtandao ukikatika katika hatua ya tatu, hakuna kilichoharibika, kwa sababu mfumo wa zamani ungali mzima. Vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa husalia katika folda ya /var/cache/apt/archives, hivyo unaporudia kazi huhitaji kulipia bando lote upya. Hatari ipo katika hatua ya nne. Hapo ndipo mfumo huwa na mguu mmoja huku na mwingine kule.

Sababu za kukwama

Sababu ya kwanza ni ukosefu wa nafasi. Kompyuta ambayo diski yake imefichwa kwa nywila aghalabu huwa na sehemu ndogo ya pekee iitwayo /boot, inayohifadhi keneli. Keneli za zamani zikirundikana humo, mpya hukosa pa kukaa.

Ya pili ni umeme kupotea au betri ya kipakatalishi kuisha. Ya tatu ni maghala ya nje, yaani programu zilizotoka kwingine mbali na maghala rasmi ya Ubuntu. Zana ya kuboresha huyazima maghala hayo kabla ya kuanza, lakini vifurushi vilivyotoka humo husalia, na huenda visipatane na vipya. Ya nne ni viendeshi vya kadi za picha, hasa za Nvidia, ambavyo visipopatana na keneli mpya huacha skrini ikiwa nyeusi.

Kabla ya chochote, hakikisha imekwama kweli

Wengi huzima kompyuta wakidhani imekwama, kumbe inangoja jibu. Katika hatua ya nne, mfumo hukuta faili za mipangilio ambazo mwenyewe aliwahi kuzibadilisha, na huuliza kama ziachwe zilivyo au zibadilishwe kwa mpya. Swali hilo huweza kujificha ndani ya dirisha dogo la maelezo. Lifungue dirisha hilo na usome mstari wa mwisho. Ukiona herufi Y, I, N, O, D na Z zimeorodheshwa, kompyuta haijakwama. Ukibonyeza Enter, faili yako ya zamani itabaki, na hilo ndilo jibu salama kwa mtu asiye na hakika.

Aidha, tazama taa ya diski kama ipo. Ikiwa inamweka, kazi ingali inaendelea. Kompyuta nzee huweza kuchukua saa kadhaa. Kuzima mashine wakati huu ndiko kunakogeuza subira ndogo kuwa ukarabati mkubwa.

Iwapo kompyuta ingali inawaka

Fungua dirisha la amri. Ikiwa mandhari ya picha hayatokei, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na F3, kisha uingie kwa jina na nywila yako. Fuata mpangilio huu bila kuruka.

Kwanza, nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje au flashi. Fanya hivyo hata kama unaona kwamba kila kitu ki shwari. Faili za mtumiaji huwa katika folda ya /home, ambayo uboreshaji haukusudiwi kuigusa.

Pili, pima nafasi iliyobaki kwa amri hii:

df -h

Tazama mistari inayoishia na / na /boot. Ikiwa mmojawapo umefika asilimia 100, umepata chanzo. Nafasi ya haraka hupatikana kwa kupunguza kumbukumbu za zamani za mfumo:

sudo journalctl --vacuum-size=100M

Ikiwa ni /boot iliyojaa, itambue kwanza keneli inayotumika sasa kwa amri ya uname -r. Hiyo usiiguse kamwe. Kisha ondoa zile za zamani:

sudo apt autoremove --purge

Kabla ya kukubali, soma orodha ya vitu vitakavyoondolewa. Ukiona kitu unachokihitaji, kataa. Amri hii ikigoma kwa sababu vifurushi vingine havijakamilika, ondoa keneli moja ya zamani kwa jina lake kamili kwa kutumia sudo dpkg --purge, kisha uendelee.

Tatu, kamilisha kilichoachwa nusu. Hii ndiyo amri muhimu kuliko zote katika makala haya:

sudo dpkg --configure -a

Amri hii huvitafuta vifurushi vyote vilivyofunguliwa bila kusanidiwa na kuvimalizia kimoja baada ya kingine. Umeme unapopotea katikati ya kazi, mara nyingi hii pekee hutosha kuirudisha kompyuta njiani.

Nne, rekebisha vifurushi vinavyokosa wenzao wa kuvitegemea:

sudo apt --fix-broken install

Tano, malizia uboreshaji:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade

Hapa pia soma kabla ya kukubali. Orodha ya kuondolewa ikiwa na ubuntu-desktop au mamia ya vifurushi, jibu "n" na utafute kwanza kifurushi kinachozuia. Mara nyingi huwa ni kile kilichotoka katika ghala la nje. Majina ya maghala hayo yamo katika folda ya /etc/apt/sources.list.d. Kiondoe kifurushi hicho, kisha urudie hatua ya tatu hadi ya tano. Programu yenyewe unaweza kuirejesha baadaye kutoka ghala linalolingana na toleo jipya.

Mwishowe, zima na kuwasha kompyuta, kisha uthibitishe toleo kwa amri ya lsb_release -a.

Iwapo kompyuta haiwaki

Usikate tamaa. Washa kompyuta na mara moja ushikilie kitufe cha Shift. Katika mashine nyingi za kisasa, kitufe ni Esc, nacho hubonyezwa mara moja tu. Menyu iitwayo GRUB itatokea. Chagua mstari wa "Advanced options for Ubuntu". Humo mna orodha ya keneli zote zilizomo.

Jaribu kwanza keneli ya zamani, yaani yenye nambari ndogo kuliko ile ya juu. Ikiwaka, fahamu kwamba kasoro iko katika keneli mpya pekee. Hakikisha /boot ina nafasi, halafu jenga upya faili za kuwashia:

sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Keneli ya zamani ikishindwa pia, rudi kwenye menyu na uchague mstari wenye maneno "recovery mode". Hii ni hali ya uokoaji. Itakupa menyu nyingine yenye chaguo kadhaa: "clean" hutafuta nafasi, "network" huunganisha mtandao, "dpkg" hurekebisha vifurushi, na "root" hukufikisha kwenye dirisha la amri ukiwa na mamlaka ya msimamizi mkuu. Ukichagua "root", diski huenda ikawa imefunguliwa kwa kusomwa tu. Iruhusu iandikwe kwa amri hii:

mount -o remount,rw /

Kisha rudia amri za hatua ya tatu na ya nne zilizoelezwa hapo juu. Huhitaji neno sudo hapa.

Ikiwa kompyuta inawaka lakini skrini ni nyeusi, huenda kiendeshi cha picha ndicho chenye kasoro. Katika menyu ya GRUB, weka alama kwenye mstari wa Ubuntu na ubonyeze herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, andika nomodeset mwishoni mwake, kisha ubonyeze F10. Mabadiliko hayo ni ya mara moja tu. Ukishaingia, sakinisha kiendeshi kinachofaa kwa amri ya sudo ubuntu-drivers install.

Kuokoa faili kwa flashi

Njia hizo zote zikishindwa, faili zako bado zaweza kuokolewa. Tumia kompyuta nyingine kutengeneza flashi yenye Ubuntu, kisha uwashe mashine yenye hitilafu kutoka kwenye flashi hiyo. Chagua kujaribu Ubuntu, wala si kuisakinisha. Mfumo utaendeshwa kutoka kwenye flashi, na diski ya kompyuta haitaguswa.

Fungua programu ya kuonyesha faili na ubofye diski ya kompyuta. Ikiwa ilifichwa, utaombwa nywila yake. Ingia katika folda ya home, kisha folda yenye jina lako, na unakili kila kitu kwenye diski ya nje. Diski ikitoa ujumbe wa hitilafu za kusoma, acha ukarabati wowote na unakili kwanza yale yasiyo na kifani, kwa maana pengine diski yenyewe imo njiani kufa na si mfumo ulioharibika.

Flashi hiyohiyo huweza kutumiwa kuukarabati mfumo. Tafuta jina la sehemu ya diski yenye Ubuntu kwa amri ya lsblk. Tuseme ni sda2:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount --bind /dev /mnt/dev
sudo mount --bind /proc /mnt/proc
sudo mount --bind /sys /mnt/sys
sudo chroot /mnt

Kama /boot ina sehemu yake ya pekee, iunganishe nayo katika /mnt/boot kabla ya amri ya mwisho. Baada ya hapo kila amri utakayotoa itatendeka ndani ya mfumo ulioharibika, na waweza kuendesha dpkg --configure -a kama kawaida.

Kusakinisha upya ni suluhisho la mwisho, tena baada ya nakala kuhakikiwa. Ikiwa /home iko katika sehemu yake ya diski, mwelekeze msakinishaji aitumie bila kuifuta.

Ujumbe wa skrini na maana yake

Lugha yetu imepiga hatua katika kompyuta. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Hata hivyo, ujumbe wa hitilafu katika dirisha la amri bado hutokea kwa Kiingereza kwa watumiaji wengi. Hapa tunafafanua ule unaokutana nao mara kwa mara.

"No space left on device": Diski, au sehemu yake mojawapo, imejaa. Pima kwa df -h.

"dpkg was interrupted": Kazi ya awali ilikatizwa. Ujumbe wenyewe hukutajia dawa, nayo ni dpkg --configure -a.

"Could not get lock": Programu nyingine inasimamia vifurushi wakati huohuo. Ngoja imalize. Usiifute faili ya kufuli ilhali kazi inaendelea, kwa kuwa kufuli hiyo ndiyo inayozuia programu mbili kuharibiana.

"You have held broken packages": Kuna kifurushi kisichopatana na vingine, aghalabu kutoka ghala la nje.

"Unable to mount root fs": Keneli imeshindwa kuifikia diski, mara nyingi kwa sababu faili zake za kuwashia hazikukamilika. Tumia keneli ya zamani.

Ukihitaji msaada wa mtaalamu, mpelekee kumbukumbu zilizo katika folda ya /var/log/dist-upgrade. Faili za main.log na apt-term.log hueleza kilichotendeka hadi dakika ya mwisho. Fundi asiyeuliza kumbukumbu hizo wala faili zako zilipo, usimkabidhi diski yako.

Kinga ni bora kuliko tiba

Anayejiandaa kuboresha mfumo anashauriwa kuzingatia haya: 

- Weka nakala za faili zako mahali pawili, na uzifungue kuhakikisha zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa si nakala.
- Maliza kwanza masasisho yote ya toleo ulilo nalo, kisha uzime na kuwasha kompyuta.
- Acha gigabaiti kadhaa za nafasi, na uondoe keneli za zamani.
- Chomeka kipakatalishi kwenye umeme betri ikiwa imejaa. Kwa kompyuta ya mezani, tafuta betri ya akiba.
- Tumia mtandao wa kuaminika, kwani faili za kupakuliwa huweza kuzidi gigabaiti moja.
- Usianze kazi hii usiku wa kuamkia mtihani, mkutano au siku ya kulipa mishahara.
- Tengeneza flashi ya uokoaji mapema. Ni vigumu kuitengeneza kompyuta ikiwa imeshagoma.

Kwa shule na ofisi zenye kompyuta nyingi, ni busara kuanza na moja isiyo na mzigo mkubwa, kuitazama kwa siku chache, kisha kuendelea na nyingine. Hali kadhalika, wenye matoleo ya muda mrefu hawana haja ya kukimbia. Kwa kawaida mfumo wenyewe huwaalika kuboresha baada ya toleo la kwanza la marekebisho, kama vile 24.04.1 lililotoka Agosti 2024, miezi minne baada ya 24.04.

Mfumo endeshi hupatikana bure na husakinishwa kwa muda usiozidi saa moja. Hesabu za miaka mitano au picha za marehemu mzazi hazipakuliwi popote. Kwa hiyo uboreshaji unapokwama, lililo muhimu kwanza si kuifanya kompyuta iwake, bali ni kuhakikisha kwamba kilichomo kiko salama. Hayo mengine yatafuata kwa subira, kwani haraka haraka haina baraka.